Stima na mtandao vikipotea: jinsi redio ya pakiti inavyoweza kupitisha ujumbe kutoka Kiembeni

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na Mombasa haikusazwa. Katika hali kama hiyo simu za mkononi huendelea kwa muda, kwa sababu minara ya mawasiliano ina betri zake na mingine ina majenereta. Betri zikiisha kabla ya stima kurudi, au mafuta yasipofika kwa wakati, laini huanza kukatika mtaa baada ya mtaa. Jumapili, Mei 12, 2024, shida ilikuwa ya aina nyingine. Stima ilikuwepo na minara ilikuwa imesimama, lakini nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Kenya, Tanzania na kwa majirani.

Kwa mkaazi wa Kiembeni mambo haya yana uzito wa pekee. Kisauni inafika kisiwani kwa daraja la Nyali. Likoni inategemea feri, au mzunguko mrefu wa barabara ya Dongo Kundu. Mvua kubwa ikifunga barabara na simu nayo ikakataa, mtu aliyeko Kiembeni hana njia nyingi za kujua kama nyumba ya mamake Likoni imeingia maji, wala zahanati haina njia rahisi ya kuuliza wapi kuna damu au gari la wagonjwa.

Kuna njia moja ya zamani, ya gharama ya kadiri, isiyohitaji mnara wa kampuni yoyote wala waya wa baharini. Inaitwa redio ya pakiti. Huendeshwa na watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wanaorusha mawimbi kwa kupenda kwao na bila kulipwa, ambao wengi huwajua kwa jina la ham. Siku hizi kituo kizima kinaweza kujengwa kwa kompyuta kuukuu, redio moja na programu za bure za mfumo wa Linux. Makala haya hayatangazi mradi wa kaunti. Yanaeleza jinsi kituo hicho kinavyofanya kazi, kinachohitajika kisheria, na mahali ambapo watu hukosea.

Maneno yakatwe vipande

Katika redio ya kawaida mtu hubonyeza kitufe na kusema, na asiyesikia vizuri huomba kurudiwa. Redio ya pakiti hutuma maandishi. Kompyuta huukata ujumbe vipande vidogo, kila kimoja kisichozidi herufi 256, na kila kipande huwekwa kwenye bahasha yake. Juu ya bahasha huandikwa ishara ya wito ya mtumaji na ya mpokeaji, na mwishoni huwekwa hesabu ya kukagua kama kuna herufi iliyoharibika njiani. Bahasha hiyo ndiyo pakiti. Kanuni zinazoipanga huitwa AX.25, na toleo lake lililoenea zaidi lilichapishwa mwaka 1984.

Kompyuta hugeuza pakiti kuwa milio miwili, mmoja wa hezi 1200 na mwingine wa hezi 2200, ikipokezana kwa kasi kama mashine ya faksi ya zamani. Redio hurusha milio hiyo kama ambavyo ingerusha sauti ya mtu. Upande wa pili, kompyuta husikiliza, huirudisha kuwa herufi, hukagua hesabu, na kujibu kwa pakiti fupi kwamba ujumbe umefika. Jibu hilo lisipokuja baada ya sekunde kadhaa, mtumaji hurudia mwenyewe bila mtu kugusa chochote. Hapo ndipo pakiti inaposhinda sauti ya mtu: namba ya simu, kipimo cha dawa au jina la mtaa hufika kama lilivyoandikwa, au halifiki kabisa na mtumaji akajulishwa.

Kasi yake ni ndogo. Mwendo wa kawaida ni biti 1200 kwa sekunde. Ujumbe wa herufi 160, kama wa simu, huchukua sekunde moja na nusu hivi. Picha ya simu yenye megabaiti tatu ingechukua zaidi ya saa tano na nusu, na kwa muda huo wote hakuna mwingine ambaye angepata nafasi ya kuzungumza. Kwa hivyo anayewaza kutumia njia hii kwa picha na video aachane nayo mapema. Hii ni njia ya maneno machache yenye maana.

Mawazo haya yana historia. Mwaka 1971, katika visiwa vya Hawaii, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu walianzisha mtandao wa ALOHAnet ili kompyuta za visiwa tofauti ziwasiliane kwa redio badala ya waya. Tatizo lao lilifanana na la Mombasa: maji kati ya vituo. Watu wa redio ya ridhaa wa Montreal, Kanada, walijaribu njia hiyo mwaka 1978, na kutoka hapo ikaenea duniani.

Nairobi ilishaitumia

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijafika ofisini wala majumbani, madaktari wa Kenya walikuwa miongoni mwa wa kwanza barani kupata barua pepe kwa njia ya pakiti. Shirika la SatelLife la Boston, Marekani, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilianzisha mtandao wa HealthNet. Lilitumia setilaiti ndogo ya UoSAT-3, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na kurushwa Januari 1990. Septemba 1993 ilifuata nyingine, HealthSat-2.

Setilaiti hizo hazikukaa mahali pamoja kama zile za televisheni. Zilizunguka dunia zikiwa chini, kilomita 800 hivi, na kupita juu ya kila kituo mara chache kwa siku, kila safari kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo kompyuta ya kituo ilipeleka barua zake na kuchukua zilizosubiri. Setilaiti ilizibeba hadi ilipopita juu ya kituo kingine. Daktari aliyeuliza swali asubuhi angeweza kupata jibu kesho yake, kutoka maktaba ya tiba ng'ambo. Leo hiyo inaonekana taratibu, lakini badala yake ilikuwa posta ya wiki kadhaa au simu ya ng'ambo ya bei kali. Simu na intaneti zilipoenea, kazi hiyo ilihamia huko.

Kuna funzo jingine kutoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Desemba 26, 2004, tsunami iliyofika hadi pwani ya Kenya na kuua mtu mmoja nchini, ilivunja kabisa mawasiliano ya visiwa vya Andaman na Nicobar nchini India. Bharathi Prasad, mama wa redio ya ridhaa aliyekuwa Port Blair kwa shughuli nyingine za redio, aliwasha mitambo yake na kuanza kupitisha habari za waliopona kwenda kwa jamaa zao bara. Alitumia sauti, si pakiti. Lakini kilichomwezesha ni kwamba mitambo ilikuwa tayari, kibali kilikuwa mkononi, na alijua kuitumia kabla ya siku hiyo.

Leseni kabla ya redio

Hapa ndipo wengi hukosea. Redio za mkono za bei nafuu zinauzwa mitandaoni kwa bei ya kiatu, na mtu huinunua, huichaji na kuanza kubonyeza. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998. Si suala la karatasi tu. Redio hizo nyingi zinaweza kuingia katika masafa ya polisi, ya ndege au ya meli, na bandari ya Kilindini haiko mbali na Kisauni. Mtu anayejaribu redio yake mpya uani anaweza kuziba mazungumzo ya watu walio kazini.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ina ofisi ya kanda ya Pwani hapa Mombasa. Mwombaji huhitaji kuthibitisha kwamba anazijua kanuni, misingi ya umeme na redio, na usalama. Chama cha redio ya ridhaa nchini, Amateur Radio Society of Kenya, ndicho cha kuulizwa kuhusu masomo na mtihani. Masharti na ada za sasa zichukuliwe kwa Mamlaka yenyewe, si kwa muuza redio.

Anayefaulu hupewa ishara ya wito. Ishara za Kenya za redio ya ridhaa huanza na 5Z4 kisha herufi chache za mtu binafsi. Kabla ya uhuru zilianza na VQ4. Za Tanzania huanza na 5H, na za Uganda 5X. Kila pakiti hubeba ishara hiyo, kwa hivyo hakuna ujumbe usio na mwenyewe. Mtu mmoja anaweza kuongeza namba kutoka 0 hadi 15 mwishoni, ili kompyuta ya nyumbani, nodi na redio ya mkononi zitofautiane huku zikibaki za mtu yule yule.

Vifaa na bahari

Nodi ni kituo kinachokaa wazi mchana na usiku, kikipokea ujumbe na kuupitisha mbele au kuuhifadhi hadi mwenyewe aje kuuchukua. Inahitaji vitu vitano: redio ya masafa ya megahezi 144 hadi 146, kompyuta, kiunganishi cha sauti kati ya viwili hivyo, antena, na umeme usiotegemea waya wa stima.

Kompyuta haina haja ya kuwa mpya. Laptopu iliyotupwa kabatini kwa kuwa Windows imeilemea hufanya kazi hii vizuri ikiwekwa Linux. Wengine hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi ya benki, kwa sababu hula umeme kidogo, wati tatu au nne tu. Raspberry Pi haina mahali pa kuingizia sauti, hivyo huhitaji kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB.

Pesa ikiwa haitoshi, iende kwenye antena. Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu kama macho yanavyoona. Antena mbili zilizo mita 10 juu ya ardhi tambarare huonana, kwa hesabu, umbali wa kilomita 26 hivi. Kutoka Kiembeni hadi Likoni kwa mstari ulionyooka hakuzidi kilomita 15, kwa hivyo kwenye karatasi inawezekana kabisa. Kwenye ardhi mambo ni mengine: kuna maghorofa ya Nyali, minazi, mabati na miinuko. Antena iliyofungwa dirishani haifiki popote. Ile ile ikipandishwa juu ya paa la ghorofa ya tatu inaweza kubadilisha kila kitu. Atakayepata ruhusa ya kuweka kituo penye mwinuko, kwa mfano upande wa Nguu Tatu, ataona mbali zaidi ya aliyeko bondeni, hata redio yake ikiwa na nguvu ndogo.

Antena yenyewe yaweza kutengenezwa nyumbani. Robo ya wimbi kwa masafa hayo ni karibu sentimita 50, kwa hivyo fimbo moja ya shaba iliyosimama na nyingine nne zilizoelekea chini zatosha kwa kuanzia. Kebo ndiyo yenye mtego. Kebo ya televisheni si ile ya redio. Redio hizi huhitaji ya omu 50. Tena kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 15 humeza karibu nusu ya nguvu kabla haijafika juu. Iwe fupi au iwe nene.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa Kusi huleta hewa ya bahari hadi ndani ya Kiembeni, na kiungo cha kebo kisichozibwa kwa utepe wa mpira huota kutu ya kijani katika miezi michache. Kituo huanza kusikia vibaya polepole, na mwenyewe hulaumu programu. Fundi mwenye uzoefu hupanda paani kwanza kabla ya kugusa kompyuta. Na kupanda huko kuwe mbali na nyaya za stima: mlingoti ukianguka, usiweze kuzifikia.

Umeme wahesabiwe kabla ya kununua chochote. Redio ikisikiliza hula wati sita hivi, kompyuta ndogo nne, na kurusha kwa vipindi huongeza tatu au nne. Jumla ni kama wati 14. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, hubeba kituo hicho kwa karibu saa 40. Paneli ya jua ya wati 100, kwa jua la Mombasa, yaweza kurudisha kiasi kinacholiwa kwa siku, isipokuwa wakati wa mvua ndefu ambapo mawingu hukaa siku nzima. Huo ndio msimu ambao nodi huhitajika zaidi, kwa hivyo anayeweza aongeze paneli ya pili.

Upande wa Linux

Linux imekuwa rafiki wa pakiti tangu ilipokuwa changa. Alan Cox, mmoja wa waandishi wake wa mwanzo, aliiandikia AX.25 katika kiini cha mfumo wenyewe, na Jonathan Naylor akaiendeleza. Maana yake ni kwamba kompyuta hushughulikia pakiti za redio kama inavyoshughulikia za mtandao wa kawaida. Zamani ilihitajika modemu maalum ya redio iliyogharimu pesa nyingi. Leo kazi hiyo hufanywa na programu ya Dire Wolf, iliyoandikwa na John Langner wa Marekani na kutolewa bure, ambayo huifanya kadi ya sauti kuwa modemu.

Kwenye Debian, Ubuntu au mfumo wa Raspberry Pi, vifurushi huwekwa kwa amri moja:

sudo apt install direwolf ax25-tools ax25-apps

Faili ya mpangilio ya Dire Wolf huhitaji mistari minne tu kwa kuanzia: kadi ya sauti, ishara ya wito, kasi, na njia ya kubonyeza kitufe cha kurusha. Kwa mfano:

ADEVICE plughw:1,0
MYCALL (ishara ya mwenye leseni)
MODEM 1200
PTT /dev/ttyUSB0 RTS

Kisha faili ya /etc/ax25/axports huandikwa mstari mmoja wenye jina la mlango, ishara ya wito, kasi, urefu wa pakiti, idadi ya pakiti zinazoruhusiwa kutumwa kabla ya kusubiri jibu, na maelezo. Jina la mlango laweza kuwa redio. Dire Wolf huanzishwa kwa direwolf -p, na viwili hivyo huungwa hivi:

sudo kissattach /tmp/kisstnc redio
sudo kissparms -c 1 -p redio

Mstari wa pili wengi huuruka kwa sababu unaonekana hauna kazi. Bila huo, baadhi ya matoleo ya Linux huharibu pakiti za kwanza, na mtu hupoteza jioni nzima akitafuta kosa. Baada ya hapo, amri ya axlisten huonyesha kila pakiti inayopita hewani, na amri ya axcall huanzisha mazungumzo na kituo kingine.

Mipangilio miwili huleta matatizo mengi kuliko mingine yote. Ya kwanza ni sauti. Dire Wolf huonyesha kiwango cha sauti cha kila pakiti inayosikika, na namba iliyo karibu na 50 ndiyo nzuri. Ikiwa juu sana milio hupasuka, na upande wa kurusha pia usipunguzwe wala kuongezwa kwa kubahatisha: asiyejali hapa atasikika kwa nguvu na asieleweke na yeyote. Ya pili ni TXDELAY, muda ambao kompyuta husubiri baada ya kubonyeza kitufe ili redio iamke. Kwa kawaida ni sehemu 30, yaani milisekunde 300. Ukiwa mfupi mno, mwanzo wa pakiti humezwa na pakiti nzima hutupwa.

Wanaotaka nodi kamili yenye sanduku la barua na ramani ya njia hutumia programu nyingine, LinBPQ ya John Wiseman wa Uingereza. Hii huzungumza na Dire Wolf moja kwa moja kupitia mlango 8001 na haihitaji AX.25 ya kiini cha Linux. Kwa anayeanza leo, huenda hii ndiyo njia yenye usumbufu mdogo.

Nodi moja haisaidii mtu

Kituo kimoja Kiembeni, hata kiwe kizuri namna gani, kitazungumza peke yake. Mtandao huanza na viwili na huwa na faida ukifika vinne au vitano: tuseme Kiembeni, Kongowea, kisiwani, Changamwe na Likoni.

Hapa kuna tofauti ambayo wanaoanza hawaioni. Kuna kituo kinachorudia tu kila kinachosikia, na kuna nodi. Kinachorudia hakijali kama ujumbe umefika. Tuseme ujumbe unatoka Kiembeni, unarudiwa Kongowea na kisiwani, unafika Likoni: ni miruko mitatu. Kila mruko ukifanikiwa mara nane kati ya kumi, zote tatu hufanikiwa mara tano tu kati ya kumi. Na jibu la kwamba umefika nalo lazima lirudi kwa miruko mitatu, kwa hivyo safari nzima hukamilika karibu mara moja kati ya nne. Zilizobaki hurudiwa tangu mwanzo, na hewa hujaa marudio.

Nodi hufanya tofauti. Kiembeni humkabidhi Kongowea na kusubiri jibu la Kongowea peke yake. Akishapokea, mzigo ni wake, na yeye ndiye atakayehangaika na mruko unaofuata. Nodi zinazotumia kanuni za NET/ROM pia hutangaziana mara kwa mara ni nani zinaweza kumfikia na kwa ubora gani, hivyo Kongowea ikizimika, Kiembeni hutafuta njia ya Changamwe yenyewe.

Tatizo lisilo na tiba kamili ni la vituo visivyosikiana. Kila kituo husikiliza kabla ya kurusha, kama watu wenye adabu barazani. Lakini Kiembeni na Likoni huenda zisisikiane kabisa, huku zote mbili zikisikika kisiwani. Kila moja huona hewa i kimya, zote hurusha kwa pamoja, na kisiwani husikika kelele. Ndiyo maana vituo vyenye shughuli nyingi huunganishwa kwa masafa tofauti na yale ya watumiaji wa kawaida. Masafa ya megahezi 144.800 yaachwe, kwani katika eneo letu la dunia hutumiwa kwa taarifa fupi za mahali zinazojulikana kama APRS, na nodi yenye barua nyingi ingewaziba wengine.

Aliye na leseni na anayetaka kujua kama kituo chake kinasikia anaweza kuelekeza redio megahezi 145.825. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachopita kilomita 400 hivi juu yetu, huwa na mtambo wa pakiti katika masafa hayo. Ukiwa umewashwa, husikika Mombasa kwa dakika chache kila kinapopita karibu, hata kwa antena ya kutengeneza nyumbani.

Kila mtu anasoma

Redio ya ridhaa haifichi maneno. Kanuni za kimataifa zinakataza vituo vya nchi tofauti kutumia mafumbo ya kuficha maana, na yeyote mwenye redio na kompyuta anaweza kusoma kila pakiti inayopita. Kwa hivyo jina la mgonjwa pamoja na ugonjwa wake, namba ya siri ya M-Pesa, au habari kwamba nyumba fulani imeachwa bila mtu, havina nafasi hapa. Ujumbe unaofaa ni ule ambao ungeweza kubandikwa ukutani sokoni: "Watu wote wa nyumba ya Mzee wako salama, wako shuleni", au "Barabara ya huku haipitiki, leteni maji kwa upande wa Utange".

Biashara pia hairuhusiwi. Mwenye duka hawezi kuagiza bidhaa kwa nodi, wala mwenye nodi hawezi kumtoza jirani kwa kupitisha ujumbe. Kupitisha ujumbe wa kimataifa kwa niaba ya mtu asiye na leseni kumewekewa mipaka, na dharura na maafa ndiyo hali inayofunguliwa mlango.

Swali linalobaki ni la watu. Kompyuta yaweza kukaa wazi mwaka mzima, lakini mama anayetaka kupeleka habari Likoni atahitaji mtu wa kumwandikia, aliye na leseni, anayejulikana mtaani na asiyekuwa safarini siku hiyo. Kituo chenye mtu mmoja anayekijua hufa mtu huyo akihamia Nairobi. Maskauti wamelishughulikia hili kwa muda mrefu: kila Oktoba hufanya jambori ya redio duniani kote, ambapo vijana huzungumza na wenzao wa nchi nyingine chini ya usimamizi wa wenye leseni. Shule yenye kikosi cha skauti na fundi wa kompyuta ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko nyumba ya mtu mmoja.

Wakati wa kusubiri mtihani na leseni, mazoezi yanaweza kuanza bila redio yoyote. Dire Wolf huja na programu ya gen_packets, inayotengeneza faili ya sauti yenye pakiti, na atest, inayoisoma. Amri ya gen_packets -n 100 -o jaribio.wav hutengeneza pakiti 100, kila moja ikiwa na kelele zaidi ya iliyotangulia, na atest jaribio.wav huhesabu zilizosomeka. Baada ya hapo laptopu mbili huwekwa kwenye meza moja, moja ikipiga milio kwa spika na nyingine ikisikiliza kwa maikrofoni, na watoto wa nyumba huombwa wapige kelele katikati ili ionekane ni pakiti ngapi zitapita.